Kuangalia Salio la Pochi ya Zamani ya Bitcoin

Salio la bitcoin halimo ndani ya pochi. Limeandikwa katika daftari la umma lililoanza Januari 2009, ambalo yeyote anaweza kulisoma. Kwa hiyo anayetaka kujua kilichobaki anahitaji anwani tu. Tovuti inayomdai ufunguo wa siri, au yale maneno 12 au 24 ya kurejesha pochi, yaelekea inataka kumwibia.

Ugumu uko kwingine. Programu za zamani zilipolipa zilipeleka chenji kwenye anwani mpya, aghalabu bila mwenyewe kufahamu. Hivyo anwani anayoikumbuka yaweza kuonyesha sifuri ilhali fedha zipo. Ni heri kwanza anakili faili la wallet.dat, aifungue nakala katika kompyuta isiyounganishwa na intaneti, aorodheshe anwani zote, za chenji zikiwemo, ndipo azikague kwenye kompyuta nyingine.