Vitu vya Kale: Mchezo wa Televisheni na Mambo ya Ukambani

Hapana baraza siku hizi, iwe ya Lamu au ya Mombasa, ikosayo mtu aliyetazama ile michezo ya televisheni ambamo Mzungu hufungua ghala lililojaa vumbi, akaokota kikasha, akakipangusa, kisha mtaalamu akatamka bei ya kumtoa mtu jasho. Swali lifuatalo huwa ni lile lile: Je, mambo yale ni kweli, au ni senema tu?

Jawabu langu ni kwamba vitu vyenyewe mara nyingi ni vya kweli. Linalotiliwa shaka ni namna vilivyopatikana.

Mchezo mkongwe wa aina hiyo ni Antiques Roadshow wa BBC, ulioanza mwaka 1979. Humo watu huleta vitu vyao wenyewe, wakapanga foleni, wakangoja zamu. Wanaofika ni wengi mno, lakini wanaoonyeshwa ni wachache. Mwenye birika lisilo na thamani hurudi nalo nyumbani kimya kimya, nasi hatumwoni. Huo si uwongo, lakini si ukweli mzima pia, kwani aketiye mbele ya televisheni hudhani kila kabati lina hazina.

Marekani mambo yalizidi. Katika mchezo wao wenye jina hilo hilo, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1997, alitokea mtu na upanga wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, akidai kwamba utotoni alikuwa akiukatia matikiti. Baadaye ikagunduliwa kwamba hadithi ile ilipangwa pamoja na wataalamu waliomthaminia. Wataalamu hao hao walikuwa wakitumia sifa ya televisheni kuzilaghai jamaa za maofisa wa vita vile, wakinunua urithi wao kwa bei ya chini. Walifikishwa mahakamani na kuhukumiwa.

Kisha mwaka 2010 ulianza Storage Wars, mchezo wa kunadi vyumba vya mizigo iliyotelekezwa. Desemba 2012, Dave Hester, mmoja wa wanunuzi mashuhuri wa mchezo huo, aliwashitaki wenye televisheni huko Los Angeles akidai kuwa watayarishaji walikuwa wakitia vitu vya thamani vyumbani kabla ya mnada. Wenye televisheni walijitetea kwa haki yao ya uhuru wa kusema, na mwaka 2014 pande mbili zikapatana nje ya mahakama.

Nimeyataja hayo kwa kuwa mchezo kama huo unachezwa kwetu, bila kamera na bila mtazamaji. Ndiyo sababu nilipanda basi Mombasa, nikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, nikashukia Emali kwenda Wote, na baadaye nikavuka hadi Kitui.

Msomaji wa pwani asidhani Ukambani ni mbali naye. Karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyokuwa ikileta pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa. Mkuu wao mmoja wa Kitui, Kivoi, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, na safari ile ndiyo iliyomwonyesha Krapf Mlima Kenya. Waliporudi bara walichukua nguo, shanga na waya za shaba. Shaba hiyo wakaipigilia katika vigoda vya wazee wao, ikawa nakshi nzuri ajabu. Kwa hiyo kigoda cha kale cha Mkamba kina ndani yake biashara ya babu zetu pia.

Vigoda hivyo ndivyo vinavyosakwa leo, pamoja na vibweta vya ugoro, vibuyu vilivyochorwa na viondo vilivyokwisha chakaa. Wanunuzi huja kwa pikipiki, na simu mkononi imejaa picha.

Katika kijiji kimoja si mbali na Wote nilimkuta mzee aliyekuwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki uliofudikizwa. Nilimwamkia, akanikaribisha. Nilipomweleza shughuli yangu alicheka kicheko kisicho na furaha.

"Mwanangu, umechelewa," akasema. "Kigoda changu kimekwenda."

Kumbe mjukuu wake alikiuza mzee akiwa shambani. Kijana alikuwa ametazama michezo ile katika simu, akaamini kuwa bahati imemgongea mlango. Fedha alizopewa zilitosha gunia la mahindi na salio kidogo. Kijana mwenyewe alikuwapo, ameinamisha kichwa.

"Mimi nilidhani nafanya jambo la maana, babu," alisema. "Mwaka ule mvua haikunyesha."

"Sikukasirikii njaa," mzee akamjibu. "Lakini kigoda kile nilikalishwa nilipoingia katika wazee. Nikienda barazani nilikwenda nacho. Sasa nikiitwa kuamua shauri nitakalia nini?"

Hapo ndipo televisheni inapotudanganya zaidi. Bei itajwayo kule ni bei ya mwisho, mjini, mbele ya tajiri. Kati ya kijiji na tajiri huyo yuko mwenye pikipiki, dalali, mwenye duka, msafirishaji na mwenye jumba la sanaa Ulaya. Na kinachouzwa kule si mti wala shaba pekee, bali ni habari ya kitu: nani alikuwa nacho, wapi, kwa kazi gani. Mwenye habari hiyo ni mzee wa Makueni, naye ndiye asiyelipwa.

Kitui niliona upande wa pili wa shilingi. Baada ya sala ya Ijumaa rafiki yangu mmoja alinipeleka kwa fundi wa kuchonga. Uchongaji wa kuuza ni kazi kubwa ya Wakamba tangu Mutisya Munge wa Wamunyu, kule Machakos, arejee kutoka Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alikojifunza kwa wachongaji wa Kizaramo. Fundi huyu alinionyesha vigoda vipya, vyeupe, vya kuvutia. Nikamwuliza vya kale hutoka wapi.

"Hivi hivi, bwana," akanijibu. "Rangi ya viatu, moshi wa jikoni, na kuzikwa udongoni mchwa wakiguse kidogo. Lakini mimi nauza kipya kwa bei ya kipya. Wanaokizeesha ni wanaokinunua."

Ujanja huu si wa Kitui pekee. Mtaalamu Christopher Steiner, katika kitabu chake cha mwaka 1994 juu ya wachuuzi wa sanaa wa Abidjan, alieleza jinsi wanavyovificha vitu gizani nyuma ya duka ili mgeni aone kuwa amevigundua mwenyewe. Furaha ya kugundua ndiyo inayouzwa. Watayarishaji wa televisheni hawakuanzisha jambo jipya. Wameliwekea taa tu.

Lakini kuna ubaya mkubwa kuliko kigoda cha kughushi, nao ni kitu cha kweli kilichoibwa. Jirani zetu Wamijikenda huwasimamishia wafu wao watukufu nguzo za mti ziitwazo vigango. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Vilikuja kuonekana Marekani, kimoja katika jumba la makumbusho la jimbo la Illinois, kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton. Vilirudishwa mwaka 2006 na 2007, naye mzee amekwisha kufa. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Denver nalo lilivirudisha vigango 30. Walioviweka majumbani mwao waliambiwa hadithi nzuri ya kupatikana kwake, na hapana aliyewaambia habari ya familia iliyoamka ikakuta shimo tupu.

Sisi wa pwani tusijione tumo salama. Milango yetu ya nakshi, masanduku ya njumu na viti vya enzi vimekwisha safiri sana. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kutoa nje ya Kenya kitu cha kale bila kibali, na mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1946 umetajwa humo waziwazi. Auzaye mlango wa babu yake afahamu kwamba mnunuzi akimwambia "tutaupitisha tu", hapo pana jambo.

Katika dini yetu pia mambo haya hayana utata. Mtume (S.A.W.) alipitia chungu ya chakula sokoni, akatia mkono ndani, akakuta unyevu uliofichwa, akamkemea mwenyewe. Akakataza pia kupandisha bei mnadani pasipo nia ya kununua. Atakayeizeesha bidhaa, na atakayeitia chumbani ili "igunduliwe", wajipime kwa kipimo hicho.

Kwa mwenye kitu cha kale nyumbani nasema haya. Asikiuze siku alipoulizwa. Akipige picha, aandike ni cha nani na kilitoka wapi, akionyeshe kwa watu wa makumbusho, na awashauri wenziwe wa urithi, maana urithi si wa mmoja. Kwa mnunuzi: akigeuze kigoda chini. Kilichokaliwa miaka mingi huwa kimelika miguuni na pale mtu anapokalia, wala hakinuki rangi ya viatu.

Michezo ya televisheni naitazama bado, kwani inafundisha kupenda kazi ya mikono ya waliotangulia. Ila nikisikia bei ikitajwa huwaza yule mzee wa karibu na Wote, ambaye mpaka nilipoagana naye alikuwa bado anatafuta fundi wa kumchongea kigoda kingine.