Sindano ya Steroidi na Maumivu ya Kano za Mkono

Mfua nguo, seremala na mama mwenye mtoto mchanga wanaweza kufika kliniki siku moja wakiwa na lalamiko linalofanana: mkono unauma kila unaposhika kitu. Wengi huomba sindano ili warudi kazini haraka. Ombi hilo linaeleweka, kwa kuwa mikono ndiyo riziki yao; lakini jibu sahihi hutegemea kano iliyoathirika.

Kano ni kamba imara inayounganisha msuli na mfupa. Ikirudia mwendo uleule bila mapumziko ya kutosha, huumia. Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko hutokea pale kano za misuli inayoinua kiganja zinaposhikamana na mfupa. Ingawa hali hii huhesabiwa kuwa uvimbe wa kano, hadubini huonyesha zaidi nyuzi zilizochakaa. Steroidi hutuliza uvimbe. Haijengi nyuzi upya.

Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2013 ulifuatilia wagonjwa 165 wenye maumivu hayo. Sindano ya steroidi ilileta nafuu ya mapema, lakini katika mwaka mmoja asilimia 54 ya waliodungwa walirudiwa na maumivu, ikilinganishwa na asilimia 12 ya waliodungwa sindano isiyo na dawa.

Kwa hiyo, tiba ya kwanza ya kiwiko ni kupunguza kazi inayokiumiza, bila kuulaza mkono kabisa, pamoja na mazoezi. Mgonjwa hulaza mkono mezani, kiganja kikitazama chini na kupita ukingo wa meza, akiwa ameshika chupa ya maji ya nusu lita. Huinua kiganja kwa msaada wa mkono wa pili, kisha hukishusha polepole. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Yakiendelea kuwa makali hadi kesho yake, uzito upunguzwe. Nafuu huja kwa wiki na miezi, si kwa siku.

Hali ni tofauti kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Ugonjwa wa eneo hili, ulioelezwa mwaka 1895 na daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, hutokea ala inapokuwa nene na kubana kano mbili zinazopita ndani yake. Huwapata mara nyingi akina mama wanaonyanyua watoto wachanga huku vidole gumba vimetanuliwa. Hapa banzi la kutuliza kidole gumba, pamoja na sindano ya steroidi ndani ya ala, huwasaidia wengi. Sindano hiyo husaidia pia kidole kinachokwama kikikunjwa. Asiyepona huweza kufunguliwa ala kwa upasuaji mdogo.

Hata inapofaa, sindano haipaswi kuingizwa ndani ya kano yenyewe, kwani kano inaweza kukatika. Mgonjwa aelezwe kuwa ngozi ya hapo inaweza kupauka, na mwenye kisukari apime sukari mara kwa mara katika siku zinazofuata.

Kidole kilichovimba chote, kinachouma sana kikinyooshwa, hasa baada ya kuchomwa na mwiba au kitu chenye ncha, kinaweza kuwa na usaha ndani ya ala. Hiyo ni dharura: mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, wala asidungwe steroidi.