Kushuka muto na kayaki: mbona jirani wanaweza, na sisi wa Katanga bado?

Tarehe 7 mwezi wa 12 mwaka 2010, watu watatu walikuwa wanashuka muto Lukuga, ule wenye unatoka kwenye ziwa Tanganyika pale Kalemie na kwenda kuingia kwenye Lualaba. Kila mutu alikuwa ndani ya kayaki yake. Kiongozi alikuwa Hendri Coetzee, mutu wa Afrika ya Kusini, na wenzake wawili, Chris Korbulic na Ben Stookesberry, walitoka Marekani. Haikuwa kwenye maporomoko. Walikuwa kwenye maji ya kutulia, karibu karibu, vile Coetzee mwenyewe alikuwa amewaambia wakae. Mamba, yenye sisi huku tunaita ngwena, akatokea nyuma, akamuvuta Coetzee ndani ya maji. Alikuwa na miaka 35. Maiti yake haikupatikana.

Coetzee hakuwa mutu wa kujaribu tu. Aliishi Jinja, Uganda, kazi yake ilikuwa kuongoza wageni kwenye Nile. Mwaka 2004 aliongoza kikundi chenye kilishuka Nile kutoka ziwa Victoria mpaka bahari ya Mediteranea. Sasa, kama mutu wa namna ile alikufa kwenye muto ya kwetu, mutu wa Lushi anaweza kujiuliza: hizi safari za kushuka mito na gide, zenye watu wanalipia feza nyingi Zambia na Uganda, ziko na usalama gani? Na kama zinawezekana kule, mbona huku hazipo?

Kuchunguza njia na kuongoza wageni

Jibu la kwanza ni hili: safari ya Lukuga haikuwa safari ya wageni. Ilikuwa safari ya kuchunguza, kwenye muto wenye hakuna gide mwenye aliujua. Safari ya wageni ni kitu ingine. Gide anapita njia ile ile, mwezi kwa mwezi, anajua kila kona, kila kisiwa cha muchanga, na pahali ngwena wanaota jua.

Hata chombo kinaweza kuwa tofauti. Kayaki ni bwato ya mutu mumoja, ndogo, nyembamba, mutu anakaa chini sana, karibu sawa na maji. Inafaa kwenye maji makali, sababu inageuka haraka. Lakini kwenye maji ya kutulia yenye ngwena wengi, ule udogo ni hatari. Njo maana kwenye Zambezi ya chini, kati ya Zambia na Zimbabwe, waongozaji wanatumia zaidi mitumbwi ya watu wawili, mirefu na ya kusimama juu kidogo. Kwenye maji makali chini ya maporomoko ya Victoria, kwenye safari zilianza mwaka 1981, wageni wengi wanapanda mabwato makubwa ya mpira, watu saba ao munane ndani.

Gide analipwa juu ya kujua nini?

Mutu anaweza kufikiri gide ni mutu wa kuonyesha njia. Muto hauna njia ingine: unashuka. Gide analipwa juu ya mambo ingine, na hapa tunaeleza ine.

Ya kwanza ni kiboko. Muchana kiboko anapumzika ndani ya maji, usiku anatoka kula majani. Akishituka, anakimbilia maji marefu. Kwa hiyo gide anapitisha mitumbwi kandokando, kwenye maji mafupi, na anagonga ubavu wa mutumbwi na kafi ili kiboko asikie mapema na aende zake. Hatari ni kukaa kati ya kiboko na maji marefu. Pale umefunga njia yake, na anaweza kupindua bwato.

Ya pili ni ngwena. Huyu anajifunza tabia za watu. Ukichota maji kila asubuhi pahali pamoja, saa ile ile, yeye anakungojea. Gide mwenye akili anabadilisha pahali, anakataza kutia mukono ao muguu ndani ya maji, na anakataza kuoga kando ya maji marefu.

Ya tatu ni maporomoko. Waendesha kayaki wanapima ukali wa maji kwa daraja sita. Daraja ya kwanza ni maji yenye mutoto anaweza kupita, ya sita ni yenye inaweza kuua hata bingwa. Gide anasimamisha watu juu ya maporomoko, anatembea kwa miguu, anatazama, kisha anaamua: tupite, ao tubebe mabwato kwa mabega. Ile kanuni ni ya zamani. Mwaka 1876 na 1877, kikundi cha Stanley, chenye wengi walikuwa watu wa Zanzibar, kilishuka Lualaba kutoka Nyangwe mpaka kufika Boma. Kwenye maporomoko ya chini walikokota mitumbwi kwa inchi kavu. Mwezi wa 6 mwaka 1877, Frank Pocock, mwenye vidonda kwenye miguu, hakutaka kungoja wenzake wamubebe. Akashawishi wapiga kafi wapite maporomoko ya Massassa na mutumbwi. Alizama.

Ya ine ni kulala. Kambi inawekwa kwenye kisiwa ao muchanga wa wazi, mbali na vijia vya viboko, maana kiboko anapita usiku njia yake ya kila siku, hema iko ao haiko. Moto unawashwa, chakula inafungwa vizuri, na mutu hatoki usiku bila taa.

Zimbabwe, mutu haongozi wageni kwa mutumbwi bila ruhusa ya wakubwa wa mbuga, na ile ruhusa inapatikana nyuma ya mafunzo na mutihani.

Jinja ilipata, na Jinja ilipoteza

Safari za mabwato ya mpira zilianza Jinja katikati ya miaka ya 1990. Vijana wa vijiji vya kando ya Nile walianza kama wabeba mizigo, kisha wakajifunza kayaki, wengine wakawa magide na hata kushindana na watu wa inchi zingine. Kando yao wakapata kazi wapishi, madereva, na wamama wa kuuza matunda.

Kisha serkali ikajenga baraji ya Bujagali, ya megawati 250, yenye ilimalizika mwaka 2012. Maporomoko ya Bujagali yakaingia chini ya ziwa. Kampuni zikasukuma safari zao chini zaidi. Mwaka 2019 baraji ya Isimba, ya megawati 183, ikafunguliwa na kufunika maporomoko mengine tena. Uganda ilihitaji umeme, hakuna mwenye anabisha. Lakini muto ni moja, na kila mutu anauhesabia faida yake.

Sisi tunajua ile hesabu. Maporomoko ya Cornet, kwenye Lufira, yalifungwa na baraji ya Mwadingusha mwaka 1930, na pale njo kulitoka ziwa Tshangalele. Kwenye Lualaba, upande wa Kolwezi, kuko Nzilo na Nseke. Umeme wa kutoa shaba ulitoka kwenye mito, na bado unatoka.

Kwetu kuko muto gani?

Luapula njo wa kwanza wa kutazama. Unatoka upande wa Bangweulu, unafanya mupaka na Zambia, unapita maporomoko ya Mambilima, kisha unatulia na kupita Kasenga mpaka ziwa Mweru. Toka Kasenga, wakati wa wakoloni, mabwato ya Wagiriki yalishuka kutafuta samaki wa kulisha wafanyakazi wa migodi ya Elisabethville. Mwaka 2008, Mwingereza Phil Harwood alipita huku na mutumbwi: alianzia Chambeshi, Zambia, akafuata Luapula na Luvua mpaka Lualaba, na akafika bahari ya Atlantiki.

Lufira uko na maporomoko ya Kiubo, kwenye njia ya Mitwaba, na bonde lake liliingia kwenye hifadhi za UNESCO mwaka 1982. Lualaba, kutoka Bukama mpaka Kongolo, mabwato makubwa yanaweza kupita zaidi ya kilometri 600.

Uzuri hauko tatizo. Tatizo ni mengine. Kwanza usalama: eneo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto liliitwa pembetatu ya kifo juu ya vikundi vyenye silaha, na mbuga ya Upemba, yenye iliundwa mwaka 1939, walinzi wake wa ICCN wameuawa mara kwa mara. Pili, njia. Mutu akivunjika muguu kwenye muto, swali la kwanza ni: hospitali yenye kupasua iko kwa saa ngapi? Tatu, mupaka. Kwenye Luapula, kulala kisiwa cha upande wa pili ni kuingia inchi ingine, na wageni wanahitaji karatasi za pande mbili. Ine, uchafu. Watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi wamepima Kafubu na kukuta madini mazito, na Kafubu unamwaga maji yake kwenye Luapula. Hakuna mugeni mwenye atalipa kuoga kwenye maji ya namna ile. Lakini mwenye anakunywa maji yale na kuvua samaki mule haiko mugeni.

Ujuzi uko tayari

Kitu kimoja hakikosi: watu. Muvuvi wa Kasenga anajua kusoma maji kuliko mutu yeyote wa muji. Anajua pahali kiboko analala, anajua upepo wa mangaribi unapandisha mawimbi gani. Chenye anakosa ni mafunzo ya kuokoa na kutibu mutu mbele ya daktari, jile za kuokoa maisha, redio ya kuita musaada, na karatasi ya serkali yenye kusema: huyu ni gide.

Katanga imekwisha kuona hatari ya kutegemea chimo moja. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walienda nyumbani kwa mara moja. Safari za muto haziwezi kujaza ile pengo. Lakini kikundi cha watu munane wenye kushuka siku ine wanahitaji magide, wapishi, unga, samaki na mahali pa kulala, na feza inabaki kijijini.

Kwa sasa, mwenye anapenda kutoka na familia kwenda Mwadingusha ao Kiubo siku ya mungo, mambo matatu yanatosha. Usipande bwato bila jile, hata kama unajua kuogelea. Usiingie maji mbele ya kuuliza wavuvi wa pale kama ngwena wako. Na wakikukataza, ukatae pia kupiga picha ukisimama ndani ya maji.