Tonge Moja Zaidi

Miadi ya pili, familia huambiwa ije na chakula. Si vitafunio vya njiani, bali mlo kamili, ule ambao baba na mama wanaona unamfaa mtoto aliyekonda hadi mifupa ya mabega ikatokeza. Sahani zinapangwa palepale kliniki, mtaalamu anavuta kiti, na kazi ya kumbembeleza binti wa miaka 15 inaanza. Binti anavisukuma viazi pembeni. Kuku anamkatakata vipande vya kulishia kifaranga. Mtaalamu hamhutubii, anawageukia wazazi: mmoja aketi kulia kwake, mwingine kushoto, wote waseme neno moja, wasibishane. Lengo la siku hiyo ni dogo mno: ale tonge moja zaidi ya alilokuwa amekusudia.

Ndivyo yanavyoanza matibabu ya anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, kwa njia iliyozaliwa katika Hospitali ya Maudsley, kusini mwa London. Mgonjwa halazwi. Mwanzoni hufika kliniki kila wiki, baadaye kwa nafasi, na mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2017 unataja vikao 18 hadi 20 katika mwaka mmoja. Siku zinazobaki, zamu ya uuguzi ni ya wazazi, jikoni kwao.

Zamani wazazi hawakuaminiwa hivyo. William Gull, daktari wa London aliyeupa ugonjwa huu jina katika miaka ya 1870, aliwaona ndugu na jamaa kuwa wauguzi wabaya kuliko wote. Kwa miongo mingi baada yake familia iliwekwa kando, na mara nyingine ikabebeshwa lawama kuwa ndiyo chanzo. Gerald Russell, Christopher Dare, Ivan Eisler na wenzao pale Maudsley wakalipindua wazo hilo. Utafiti wao wa mwaka 1987 uliwafuatilia wagonjwa waliokwisha kutoka wodini. Wale walioanza kuugua wakiwa na miaka 18 au chini, na ugonjwa haujatimiza miaka 3, walipata nafuu kubwa zaidi wakitibiwa pamoja na familia kuliko peke yao.

Lakini kwa nini chakula kitangulie, mazungumzo yafuate?

Jibu zuri lilipatikana Minnesota, Marekani, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni. Mwanasayansi Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya, waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani zao wakajitolea kutumika kwa njia nyingine. Kwa miezi sita walipewa takriban nusu ya chakula walichozoea, hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Hawakuwa na ugonjwa wa akili. Hata hivyo wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi, kuchezea chakula kwa saa nzima, kulamba sahani, kununa na kukwepa marafiki. Mmoja alijikata vidole kwa shoka. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula wasishibe. Sehemu kubwa ya kile ambacho jirani hukiita ukaidi wa mgonjwa, basi, ni njaa yenyewe inayosema.

Hapa ndipo anapoingia mtaalamu wa lishe. Watu hudhani ataandika orodha ya vyakula bora, ilhali orodha hiyo mgonjwa anaijua kuliko yeye. Muulize kalori za kijiko cha mafuta, atakujibu usingizini. Kinachotakiwa ni kurudisha utaratibu: milo mitatu, vitafunio viwili au vitatu katikati, na saa nne zisipite bila kula, hata kama njaa haijabisha hodi. Tumbo lililozoea kunyimwa si saa ya kutegemewa. Vipimo vya damu navyo vinahitajika, kwa kuwa kujitapisha hushusha potasiamu na kuvuruga mapigo ya moyo, na aliyekaa na njaa muda mrefu akishindiliwa chakula kwa ghafla, fosfeti mwilini inaweza kuporomoka. Anayezimia au ambaye moyo wake unapiga polepole mno hupelekwa wodini. Tiba ya nje haimfai kwa wakati huo. Mwongozo wa 2017 unasema pia kuwa ushauri wa lishe usiwe tiba pekee ya anoreksia.

Kwa watu wazima, hasa wenye bulimia, ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha, Christopher Fairburn wa Oxford alibuni tiba ya mazungumzo ya vikao 20 katika wiki 20. Aliyekonda sana huhitaji karibu mara mbili. Silaha kuu ya tiba hiyo ni daftari. Kila kinacholiwa kinaandikwa papo hapo. Ukurasa unaweza kusomeka hivi: saa 4 usiku, mkate mzima, nimesimama jikoni, dada amekata simu kwa hasira. Mizani hutumika kliniki mara moja kwa wiki, mgonjwa na mtaalamu wakitazama pamoja. Ya nyumbani huachwa.

Kwetu Dar es Salaam au Mombasa, "umenenepa!" ni salamu na sifa. Anayepona anoreksia huisikia kama hukumu, ndiyo maana familia huombwa zizungumzie lolote isipokuwa mwili. Tena sifa za unene si kinga. Fiji nako mwili ulionona ulisifiwa, hadi televisheni ilipoingia katika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule: mwaka huo hakuna aliyesema amewahi kujitapisha ili apungue, mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.

Uzito ukipanda na vita vya mezani vikitulia, wazazi huanza kulegeza kamba. Kwanza ni kitafunio cha shuleni, bila msimamizi. Kisha binti anajipakulia, mama akitupia jicho tu. Katika vikao vya mwisho chakula hakitajwi sana: ni mitihani, marafiki, na ubishi wa kijana na baba yake kuhusu saa ya kurudi nyumbani Jumamosi.