Kadi ya Safari: Tuulize Mbele ya Kupanda Ndege

Mwenzetu mmoja wa hapa Lubumbashi alienda Dubai kununua vitambaa. Feza ya safari ilikuwa zamu yake ya likelemba, dolari 1 800, yote ndani ya kadi. Duka alilopata kule Deira halikupokea kadi. Akaenda kwenye mashine, ikampa feza yenye thamani ya dolari 500, kiisha ikakataa. Kesho yake vilevile. Jioni hiyo ndege ikaondoka, na marobota mawili yakabaki dukani.

Feza ilikuwamo. Kadi ndiyo ilikuwa na kipimo cha siku, na pale gishe hakuna aliyemwambia. Yeye naye aliuliza bei ya kadi tu, kama tunavyofanya wengi wetu.

Jumamosi tulikaa naye tukasoma karatasi za benki, mstari kwa mstari. Tuliona kwamba bei ya kununua kadi ni kitu kidogo. Kinachokula feza ni kuitumia inchi ya kigeni. Kila mara unapotoa, benki yako inaweza kukata kiasi fulani, tena asilimia juu yake, na mashine ya kule nayo ikakata yake. Tuseme ni dolari 3 pamoja na asilimia 2. Ukitoa dolari 100 mara tano, unalipa 25. Ukitoa 500 mara moja, unalipa 13. Kwa hiyo kipimo cha siku kikiwa kidogo, unaumia mara mbili.

Kuna mtego mwingine, na mwenzetu aliuingia. Mashine inauliza: ukatwe kwa dolari au kwa dirhamu? Sisi tumezoea dolari, mkono unakimbilia hapo. Bonyeza dirhamu! Tangu 1997 dolari moja ni dirhamu 3.6725, haibadiliki. Ukichagua dolari, mashine inaweza kukuhesabia kiwango chake. Ikikupa 3.50, kwa kila dirhamu 1 000 umepoteza karibu dolari 13. Hata ukivuka Kasumbalesa kwenda Kitwe au Ndola, chagua kwacha.

Kadi ipi basi? Kwa safari, tunapenda ile ya konti ya dolari. Ya konti ya franka inaweza kubadilishwa mara mbili, franka kwa dolari, kiisha dolari kwa feza ya kule. Asiye na konti aulize kadi ya kujaza feza mbele: ikiibwa, mwizi hafiki kwenye akiba ya jamaa. Lakini hoteli nyingi huzuia kiasi cha dhamana kwenye kadi, na kukirudisha huchukua siku kadhaa. Ukiwa na kadi ndogo, waweza kulala na njaa huku feza ni yako.

Pale gishe tuulize pia kama kadi imefunguliwa kwa nje, kipimo chake ni ngapi, na kama kinaweza kupandishwa kwa siku za safari. Waandike jibu kwenye karatasi. Namba ya siri isiandikwe popote, hata ndani ya kitambaa cha kiuno, maana tunajuana.

Mwenzetu amepata kadi mpya, kipimo dolari 2 000 kwa siku. Mwenye duka amekubali kumtunzia marobota yake mpaka mwisho wa mwezi.