Kule Ilikotoka Jezi: Parokia ya St Ouen

Kila anayenunua jezi ya Simba au ya Yanga hutaja jina la kisiwa bila kujua. Neno hilo sisi tulilipata kwa Waingereza, nao walilitoa Jersey, kisiwa kidogo kilicho baharini kati ya nchi yao na Ufaransa, ambako wavuvi na wakulima walivaa fulana nzito za sufu zilizofumwa kwa mkono. Kaskazini-magharibi kabisa mwa kisiwa hicho, upande unaopigwa na mawimbi ya Atlantiki, iko parokia ya St Ouen. Watu wake wana jina la utani la tangu zamani, Gris Ventres, maana yake "matumbo ya kijivu", kwa kuwa sufu ya fulana zao haikutiwa rangi. Karne ya 17 ilipoanza, ufumaji ulikuwa umewateka watu hata ikabidi itungwe sheria ya kuwakataza kufuma wakati wa mavuno, maana mashamba yalikosa watu.

Jersey yote ina kilometa za mraba 120 hivi. Unguja inaizidi zaidi ya mara 13. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 103,267. Kutoka Ufaransa ni kilometa 22 tu, na majina mengi ya vijiji, njia na koo ni ya Kinormandi, lakini mfalme wao ni wa Uingereza. Chanzo ni mwaka 1204, Mfalme John aliponyang'anywa Normandi na Wafaransa, Jersey na visiwa vya jirani vikabaki upande wake. Tangu hapo Jersey ni milki ya mfalme lakini si sehemu ya Uingereza. Ina bunge lake, sheria zake na noti zake. Mabenki na makampuni ya fedha yamejazana mjini St Helier, na msomaji wa Kenya huenda anakumbuka kwamba mwaka 2016 mahakama ya huko ilitia hatiani kampuni iliyotumika kuficha fedha za rushwa ya shirika la umeme la Kenya, ikataifisha zaidi ya pauni milioni 3. Hayo ni ya mjini. Huku shamba maisha yana mwendo mwingine.

Kisiwa kimegawanyika katika parokia 12, na kila moja inafika baharini. Usidhani ni parokia ya kanisa peke yake. Ni kama kata kwetu, ila ina nguvu kuliko kata. St Ouen ndiyo kubwa kwa eneo, kilometa za mraba 15, na wakazi wake ni elfu nne na kidogo. Mkuu wake anaitwa Connétable, ndiyo konstebo. Kwetu konstebo ni askari wa cheo cha chini. Kule ni mtu aliyechaguliwa na wanaparokia, anayewasimamia na kuwakilisha parokia bungeni. Parokia ina pia polisi wa kujitolea, mkulima huyu, fundi yule, mwenye duka, wanaochaguliwa na majirani zao na kufanya kazi hiyo bila mshahara. Polisi wa kuajiriwa wapo, lakini kumfungulia mtu mashtaka ni mamlaka ya afisa wa parokia aitwaye Centenier. Kosa dogo huishia ukumbi wa parokia: kijana aliyevunja kioo anaitwa pamoja na mzazi wake, anaulizwa, anaonywa au anatozwa faini ndogo, na jambo linakwisha bila kufika kortini. Kwa maoni yangu huu ndio urithi wao mkubwa kuliko majumba yote ya mawe. Anayekuhukumu ni mtu utakayekutana naye kesho dukani.

Mara mbili kwa mwaka hufanyika Visite du Branchage. Viongozi wa parokia hupita barabara kwa barabara wakikagua ua na matawi. Sheria inataka juu ya barabara kuwe na nafasi ya futi 12, na juu ya njia ya miguu futi 8. Tawi likining'inia chini ya hapo, mwenye shamba anatozwa faini. Mgeni anaweza kuona ni jambo dogo mno la kushughulisha viongozi. Lakini njia za St Ouen ni nyembamba, zimebanwa na kingo za udongo na ua pande zote mbili, na trekta likikutana na basi mmoja hurudi nyuma. Ua likiachwa misimu miwili, njia imefungwa.

Zamani mkubwa wa hapa alikuwa bwana wa ukoo wa de Carteret, aliyekaa katika jumba la St Ouen. Mwaka 1565 Helier de Carteret alichukua familia 40, nyingi za parokia hii, akahamia nazo kisiwa cha jirani cha Sark kilichokuwa kitupu. Sir George Carteret, wa ukoo huohuo, ndiye aliyesababisha jimbo la Marekani kuitwa New Jersey. Wazee husimulia pia habari za farasi wa Philippe de Carteret, karne ya 15, Wafaransa walipokishika kisiwa: aliruka bonde akiwa na bwana wake mgongoni, akamfikisha nyumbani salama, akaanguka akafa, akazikwa bustanini.

Utajiri wa parokia ulitoka baharini na ardhini kwa pamoja. Maji ya bamvua huko hupanda na kushuka hadi mita 12, wakati kwenye pwani yetu hayafiki mita 5. Maji yakitoka, kisiwa ni kama kimekua, na miamba yenye mwani inabaki wazi. Mwani huo, vraic kwa Kijerriais, lugha ya kisiwa, haulimwi kama ule wa Paje na Jambiani kule Unguja wala hauuzwi nje. Watu waliteremka na mikokoteni ya farasi kwenye ghuba ya St Ouen, wakaukata na kuuzoa, wakautandaza shambani kama mbolea. Sheria iliweka siku za kuukata, ili mwenye mikono mingi asiwamalizie wengine.

Juu ya udongo huo huoteshwa kiazi cha Jersey Royal, kidogo, chenye umbo la figo na ganda jembamba la kufutika kwa kidole. Mkulima Hugh de la Haye alikipata karibu mwaka 1880. Kwenye miteremko mikali inayotazama jua, ambako mashine haifiki, hupandwa kwa mkono mbegu moja moja, chipukizi likielekea juu. Wavunaji walitoka Bretagne, baadaye Madeira, kisha Poland na Romania, na miaka ya karibuni Wakenya nao wamefika kisiwani kwa vibali vya kazi vya muda. Ng'ombe wa Jersey yeye alitutangulia kusafiri. Tangu karne ya 18 sheria ilikataza kuingiza ng'ombe wa nje ili uzao usichanganyike, na mfugaji wa Kenya anayekamua ng'ombe mdogo wa rangi ya hudhurungi, mwenye maziwa yenye krimu nyingi, anafaidi sheria hiyo.

Lakini ukiniuliza habari gani ya St Ouen isisahaulike, nitakupeleka mahali paitwapo Millais. Wajerumani walikiteka kisiwa tarehe 1 Julai 1940, wakaleta maelfu ya vibarua, wengi wakiwa watumwa, kujenga ngome na kuta za zege. Ukuta wa ghuba ya St Ouen bado upo. Mfungwa mmoja wa Kisovieti, Feodor Burriy, alitoroka. Louisa Gould, mjane mwenye duka Millais, ambaye mwanawe alikuwa amekufa vitani mwaka 1941, alimpokea. Alimwita Bill, akamfundisha Kiingereza, akakaa naye zaidi ya mwaka. Majirani kadhaa walijua wakanyamaza. Mwaka 1944 ikafika kwa Wajerumani barua ya uchongezi, na inasemwa hadi leo kwamba iliandikwa na jirani. Bill aliondolewa mapema, ila walipopekua nyumba walikuta kamusi ya Kirusi na Kiingereza.

Louisa alipelekwa kambi ya mateso ya Ravensbrück, akauawa kwa gesi Februari 1945. Kaka yake, Harold Le Druillenec, alifikishwa kambi ya Bergen-Belsen akatoka hai. Burriy naye alinusurika. Mwaka 2010 serikali ya Uingereza ilimtunuku Louisa nishani ya mashujaa wa wakati wa maangamizi ya Wayahudi, pamoja na Harold na dada yao Ivy Forster. Jersey ilikombolewa tarehe 9 Mei 1945, miezi mitatu baada ya kifo cha Louisa, na siku hiyo ndiyo sikukuu ya kisiwa kizima.