Kwa Nini Kidonda Huvimba?

Umechomwa na mwiba shambani. Umeuchomoa, ukaendelea kulima. Kesho yake mguu umevimba, una moto na unauma. Watu husema, "Mwiba ule ulikuwa na sumu." Je, ni kweli? Mara nyingi siyo. Uvimbe huo ni kazi ya mwili wako wenyewe.

Mwili una askari. Ni chembechembe ndogo sana, hazionekani kwa macho. Baadhi yao wanalinda chini ya ngozi. Wengine, yaani chembechembe nyeupe, wanazunguka ndani ya damu.

Askari wa chini ya ngozi wana ghala lenye dawa kali. Dawa hiyo hushikwa na kitu kiitwacho proteoglikani. Jina ni gumu, lakini umbo lake si gumu. Tazama unyoya wa kuku. Una uti katikati na nyuzi nyingi pembeni. Proteoglikani nayo ni hivyo hivyo. Uti wake ni protini, nyuzi zake ni minyororo ya sukari. Nyuzi hizo ndizo zinazoishika dawa ghalani.

Vijidudu vikiingia na mwiba, askari hufungua ghala. Dawa inatoka. Mishipa midogo ya damu inapanuka na maji yake yanavuja. Basi hapo panavimba na kuwa moto.

Na askari wa kwenye damu, watajuaje mahali pa kushuka? Wanaitwa kwa ishara. Lakini damu inakwenda mbio kama mto, ishara ingesombwa. Kwa hiyo kuta za mishipa nazo zina proteoglikani. Hizo huishika ishara isichukuliwe. Askari wakiikuta wanasimama, wanapenya ukuta, wanakwenda kula vijidudu.

Basi, uvimbe mdogo usikutishe. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Usipake kinyesi cha ng'ombe wala udongo, maana humo mnaweza kuwa na vijidudu vya pepopunda. Nenda zahanati ukaulize kama unahitaji sindano ya pepopunda. Usingoje mguu uvimbe, kwani hata kidonda kidogo kinaweza kuleta ugonjwa huo.

Lakini uvimbe ukizidi kupanda, kidonda kikitoa usaha, au ukipata homa, jua kwamba askari wako wamezidiwa. Usikae nyumbani. Wahi zahanati siku hiyo hiyo.